Mtaa Una Urefu Gani? Uthabiti na Uhalali katika Historia ya Hojaji za Afya kwa Kiswahili

Mwaka 1951 Lee Cronbach alipendekeza alfa, kigezo cha kukadiria iwapo maswali ya kipimo kimoja yanakwenda pamoja. Mwaka 1955, yeye na Paul Meehl walifafanua uhalali wa dhana, yaani ushahidi kwamba alama zinawakilisha kile kinachodaiwa kupimwa. Tangu hapo tofauti imekuwa bayana: uthabiti huuliza kama jibu litajirudia, ilhali uhalali huuliza jibu hilo ni la swali gani.

Suala hilo lilipata sura ya kiisimu hojaji zilipovuka lugha. SF-36, hojaji ya maswali 36 iliyochapishwa Marekani mwaka 1992 na John Ware na Cathy Sherbourne, ilibeba mazingira yake: gofu, mashine ya kufyonza vumbi, na huzuni inayotajwa kwa rangi ya buluu. Toleo la Kiswahili kwa matumizi ya Tanzania liliripotiwa mwaka 1999, na mwaka 2003 yakachapishwa matokeo ya kulithibitisha miongoni mwa wakazi wa mjini.

Kosa la kutafsiri buluu kisisisi hujifichua lenyewe, kwani msikilizaji hushangaa. Gumu zaidi ni kosa lisiloshangaza. Hojaji hiyo huuliza kuhusu kutembea vipande kadhaa vya mji, kila kimoja kikiwa baina ya njia panda mbili. Mfasiri anaweza kushawishika kutumia “mitaa”. Hata hivyo, mtaa ni barabara yenye nyumba, ni ujirani, na katika miji ya Tanzania ni eneo la kiutawala. Mgonjwa anayeelewa maana ya mwisho atasema hawezi, leo na wiki ijayo. Jibu lake ni thabiti, lakini umbali aliofikiria si ule uliokusudiwa.

Mbinu ya kurejesha tafsiri katika lugha chanzi, iliyopata nguvu kutokana na kazi ya Richard Brislin ya mwaka 1970, haitoshi kunasa kosa hilo. “Mtaa” unaweza kurudi katika Kiingereza ukiwa neno lilelile la awali, na tafsiri ikahesabiwa kuwa sahihi. Kinachohitajika ni kumwomba mhojiwa aeleze alivyoelewa swali kabla ya jibu lake kugeuzwa namba. Bila hatua hiyo, mwenye nguvu huweza kuorodheshwa kuwa dhaifu, na aliye dhaifu akakosa kuonekana, huku alfa ikiwa ya kuridhisha.