Baada ya Baiskeli Kuegeshwa
Mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianzisha changizo la kupambana na UKIMWI, ambalo washiriki wake walisafiri hadi Kilimanjaro: baadhi wakaupanda mlima kwa miguu, wengine wakauzunguka kwa baiskeli. Michango hiyo ilikisaidia kituo cha yatima cha Moyo wa Huruma, Geita. Lakini safari ya baiskeli huisha kwa siku chache, ilhali yatima hulelewa miaka mingi. Mtume Paulo, akiwachangishia watakatifu wa Yerusalemu, aliwaagiza Wakorintho waweke akiba kila siku ya kwanza ya juma, wasingoje afike. Usharika unaoingia karne yake ya pili na upange vivyo hivyo: sadaka ndogo ya kila Jumapili, iliyoandikwa daftarini na mtunza hazina, ndiyo itakayomfikisha mtoto mwisho wa masomo yake.