Nishani za Keya: zisome kabla hujaziuza

Nyota na nishani za Vita Kuu ya Pili walizopewa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, hazikuchongwa jina la mtu. Hilo ndilo la kwanza nimwambialo kila anayeniuliza, iwe huku Kiirua, Meru, ninakofanya kazi, au kwetu Mombasa. Jina limo kwenye karatasi za kuachishwa jeshi. Zikitengana na nishani, mwenyewe kapotea.

Lakini safari yake yasomeka. Nyota zote zina ncha sita, taji, na herufi za Mfalme George wa Sita katikati. Maandishi ya duara ndiyo yanayozitenganisha. Africa Star ina utepe wa rangi ya mchanga, mstari mpana mwekundu katikati, buluu iliyokoza upande mmoja na buluu ya mbingu upande wa pili. Askari wetu wengi waliipata kwa vita vya Uhabeshi na Somalia.

Burma Star ina utepe wa buluu wenye nyekundu pana katikati na michirizi ya rangi ya chungwa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru, ilipigana huko katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Wengine hawakufika. Meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu karibu 1,300, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Ile ya fedha yenye utepe wa manjano, kingo nyeusi, mistari miwili ya kijani na kipande kilichoandikwa Kenya ni habari nyingine. Hiyo ni ya kupigana na Mau Mau, 1952 hadi 1956, nayo ina namba na jina ukingoni. Huku milimani kuna nyumba zisizoitoa mbele ya wageni, maana babu wa jirani alikuwa msituni. Naelewa. Ila kuificha si sawa na kuitupa.

Tafadhali, msizisugue kwa majivu na ndimu! Herufi za ukingoni hufutika.

Mzee mmoja hapa ana nyota mbili ndani ya kopo, tepe zimeshaoza, na mnunuzi wa vyuma chakavu keshazitajia bei ya kilo. Nimemwomba kwanza aandike jina la babake, namba ya jeshi na kijiji, karatasi ikae kopo moja na nyota, na mjukuu azipige picha mbele na nyuma. Mnunuzi atasubiri.