ZEBAKI: ELIMU YA WAZEE WETU NA HATARI ILIYO JIKONI MWETU



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, makala hii imetokana na kichupa kidogo. Siku moja, katika darasa la jioni, mwanafunzi wetu mmoja alikuja na kichupa cha zebaki alichokichukua nyumbani. Akaimwaga kwenye sakafu ya madrasa. Watoto wakaanza kuikimbiza kwa vidole, ikipasuka vijitone na kuungana tena, nasi waalimu tukasimama kutazama na kucheka. Mwalimu mwenzetu wa wasichana akaigusa kwa mkono wenye pete ya dhahabu, na pete ikageuka nyeupe pale pale. Mwishowe tukachukua ufagio, tukafagia, tukaendelea na somo la tajwidi.

Leo tunajua kwamba karibu kila tulichofanya siku ile kilikuwa kosa. Tukaona si haki kunyamaza, hasa kwa vile elimu ya kitu hiki imepita mikononi mwa wanazuoni wa Kiislamu kwa mamia ya miaka.

ZEBAKI NI KITU GANI?

Jina lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, zi'baq. Ni metali iliyo majimaji katika joto la kawaida. Huganda baridi inapofika nyuzi 39 chini ya sifuri, na huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Ni nzito ajabu: lita moja ina uzito wa kilo 13 na nusu. Lakini jambo kubwa la kulijua ni kwamba haingoji kuchemka ndipo itoe mvuke. Hutoa mvuke hata ikiwa imetulia sakafuni, na mvuke huo hauonekani wala haunuki.

Sifa yake ya pili ni kumeza metali nyingine. Dhahabu, fedha, bati, zinki na hata aluminiamu huingia ndani yake na kufanya mchanganyiko laini kama uji mzito. Waarabu waliuita malgham, na leo unajulikana kama amalgamu. Chuma hakimezwi kwa urahisi, ndiyo maana tangu zamani zebaki imesafirishwa katika vyombo vya chuma.

WANAZUONI WETU NA ZEBAKI

Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki mwaka 313 Hijria (925), aliiweka zebaki katika kundi la vitu alivyoviita "roho", pamoja na kiberiti, kwa sababu vikipata moto hupaa. Wapo waliodhani kuwa kila metali imetokana na zebaki na kiberiti, na kwamba mtu akipata kipimo sahihi anaweza kuigeuza risasi kuwa dhahabu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), aliikataa dhana ya kuigeuza metali moja kuwa nyingine. Na katika utabibu wake alionya kuwa moshi wa zebaki huleta kutetemeka na kupooza. Tulione vizuri jambo hili: onyo hilo lina umri wa karibu miaka elfu moja.

Mwenzake wa zama hizo, al-Biruni, katika kitabu chake cha vito na madini, Kitab al-Jamahir, alieleza namna dhahabu inavyopatikana. Mawe hupondwa na kusagwa, yakaoshwa, dhahabu ikachanganywa na zebaki, kisha mchanganyiko ukakamuliwa ndani ya ngozi mpaka zebaki ya ziada itoke kwenye vinyweleo. Ile inayobaki hufukuzwa kwa moto. Naye al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 548 Hijria (1154), alisimulia kazi kama hiyo katika Wadi al-Allaqi, jangwani kati ya Mto Nile na Bahari ya Shamu. Yaani hapa hapa barani kwetu.

Mwenye kupita leo kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, Geita, Migori, Busia au Kamituga, ataona mambo hayo hayo. Karasha limechukua nafasi ya kinu na kitambaa nafasi ya ngozi. Moto ni ule ule.

Wakubwa nao waliifanyia anasa. Inasimuliwa kuwa Khumarawayh, mtawala wa Misri kati ya mwaka 270 na 282 Hijria (884 hadi 896), alikosa usingizi, akachimbiwa bwawa la zebaki na kulala juu yake kwenye godoro la ngozi lililojazwa hewa. Wallahu a'alam. Alikuwa akivuta mvuke wake usiku kucha, na hakuna aliyemwambia.

KUTOKA ANDALUSIA HADI RIYALI

Zebaki nyingi ya zama hizo ilitoka Andalusia, mahali panapoitwa Almadén. Jina hilo ni la Kiarabu, al-ma'din, yaani machimbo. Ndilo neno letu "madini". Machimbo hayo yalifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2012 yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wahispania walipoiteka Amerika, walichukua zebaki ya Almadén na kuivusha bahari. Kuanzia miaka ya 1550 huko Mexico, Bartolomé de Medina alieneza njia ya kutoa fedha kwa zebaki kwa wingi mkubwa. Huko Peru likafunguliwa chimbo jingine la zebaki, Huancavelica, na wenyeji wakalazimishwa kufanya kazi humo kwa zamu. Wengi walitoka wakitetemeka, na wengi hawakutoka. Fedha hiyo ilipigwa sarafu zilizoitwa real, zikazunguka dunia na kufika Bahari ya Hindi. Tunapotamka "riyali" tunalitaja jina la sarafu hizo.

AMALGAMU KALI NA SABUNI YETU

Si amalgamu zote zimetulia kama ya dhahabu. Iko ya sodiamu. Sodiamu ni metali kali mno. Kipande chake kikitiwa majini hulipuka. Mwingereza Humphry Davy aliitoa kwa umeme mwaka 1807. Ikimezwa na zebaki ukali wake hupungua: ikikutana na maji hufanya kazi polepole, ikatoa gesi ya haidrojeni, ikaacha magadi makali yanayoitwa kostiki, na zebaki ikabaki peke yake.

Miaka ya 1890, Mmarekani Hamilton Castner na Karl Kellner wa Austria waliitumia sifa hiyo viwandani. Umeme ulipitishwa katika maji ya chumvi juu ya zebaki. Klorini ikatoka upande mmoja, sodiamu ikazama ndani ya zebaki, na amalgamu ile ikapelekwa kwenye maji ikatoa kostiki. Hiyo ndiyo wanayotumia mama zetu kutengeneza sabuni. Zamani watengenezaji sabuni wa Nablus na Halab walitumia majivu ya mimea ya jangwani, al-qili, neno lililozaa "alkali".

Amalgamu ya sodiamu huwekwa katika chombo kikavu kilichozibwa, mbali na maji, unyevu na moto, kwani haidrojeni hushika moto na kostiki huunguza ngozi na macho. Hiki si kitu cha kuchezea nyumbani. Ama aluminiamu, tone la zebaki likipenya mkwaruzo wa sufuria huzuia ule utando unaoilinda, na sufuria ikaliwa na kuwa unga mweupe. Ndiyo sababu zebaki hairuhusiwi kubebwa ovyo ndani ya ndege.

"USTADHI, HII NDIYO ADA YA MADRASA"

Baada ya kuuliza kwa wajuzi na kufahamu tuliyoyafanya, tulimwendea baba wa yule mwanafunzi. Tulimkuta akichoma dhahabu kwenye jiko la mkaa, hatua tano kutoka alipolala mtoto mchanga. Tukamweleza. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Ustadhi, hii ndiyo ada ya madrasa."

Tulikosa jibu. Ni kweli: mshahara wetu ulikuwa ukitoka kwenye moshi ule. Tangu siku hiyo hatuna ujasiri wa kuwahukumu wachimbaji kana kwamba ni watu waovu. Wanatafuta rizki ya halali. Lakini hata rizki ya halali haimhalalishii mtu kudhuru nafsi yake na kizazi chake. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi (Al-Baqara, 195).

Na dunia imeshaona maangamizi hayo. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Samaki wakala, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956: viungo kutetemeka, macho kupoteza nuru, watoto kuzaliwa na ulemavu ilhali mama zao walionekana wazima. Kutokana na msiba huo, Mkataba wa Minamata ulitiwa saini mwaka 2013 na kuanza kazi tarehe 16 Agosti 2017. Unazitaka nchi zenye wachimbaji wadogo zikomeshe uchomaji wa amalgamu hadharani na katika makazi ya watu.

NASAHA KWA FAMILIA

Kwanza, amalgamu isichomwe nyumbani kabisa, wala mahali walipo watoto na wajawazito. Ichomwe ndani ya ritoti, yaani chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke. Zebaki hurudi ikatumika tena, na kifua kikasalimika.

Pili, ikimwagika, watoeni watoto na fungueni madirisha. Msitumie ufagio, kwani huipasua ikawa vijitone vingi zaidi. Vueni dhahabu mwilini, kusanyeni kwa karatasi ngumu, vijitone vidogo kwa utepe wa kunata, mkaweke vyote katika chupa yenye kifuniko. Msimwage chooni, mtoni wala kwenye moto.

Tatu, nguo za machimbo zisifuliwe pamoja na za watoto, na sufuria ya zebaki isirudi jikoni.

Nne, akina mama na mabinti wajihadhari na sabuni na krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi zina zebaki; ukiona mercury au calomel kwenye lebo, iache.

Yule baba alianza kwa kuhamishia jiko nyuma ya nyumba. Haikutosha, tukamwambia. Miezi kadhaa baadaye yeye na wenzake wanne walichanga wakanunua ritoti moja. Ada analeta bado, na sasa tunaipokea kwa moyo mwepesi kidogo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na atulindie watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.