Posta ya Wajerumani, Lamu

Posta ya Wajerumani ni jengo la kihistoria lililoko katika Mji wa Kale wa Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya. Ofisi hiyo ilifunguliwa Novemba 22, 1888, miaka mitatu baada ya Ujerumani kuiweka Witu, iliyoko bara, chini ya himaya yake. Lamu ndiyo iliyokuwa bandari ya kuifikia Witu.

Kwa mkataba wa Julai 1, 1890, Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, na posta ikafungwa mwaka 1891, kabla ya kutimiza miaka mitatu.

Barua zilibandikwa stempu za kawaida za Ujerumani. Muhuri wenye jina la Lamu ndio pekee ulioonyesha zilikotoka. Kwa hiyo, jengo likiporomoka, kumbukumbu ya posta hiyo itabaki kwenye bahasha chache mikononi mwa wakusanyaji wa stempu, mbali na Lamu.

Leo ni jumba la makumbusho chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ndani ya mji ulioorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Linawakumbusha wageni na wenyeji kuwa kisiwa kinachoonekana leo kuwa cha pembezoni kiliwahi kugombewa na mataifa makubwa ya Ulaya.