Mmea Unaotambaa Ubaoni

Tafuta kwanza mahali mmea ulipoota. Katika nakshi za Kimalay za Kelantan na Terengganu, kaskazini mashariki mwa Rasi ya Malaysia, shina huchomoza kutoka chimbuko moja, mara nyingi likiwa limefichwa nyuma ya jani au ua. Kisha hujipindapinda hadi kuujaza ubao. Mtindo huu huitwa awan larat, mawingu yanayotanda.

Fuata tawi moja kwa jicho. Linazidi kuwa jembamba, majani yanapungua ukubwa, na ncha ya jani la mwisho inajikunja isije ikamchoma jirani. Matawi hupishana bila kusongana. Adabu ya watu imehamia kwenye mbao.

Uwazi nao umepimwa. Ubao wa juu ya mlango hutobolewa ili upepo na mwanga vipite. Matundu yakizidi, ubao unadhoofika. Yakipungua, chumba kinakosa hewa. Mti unaopendwa ni cengal, mgumu, usioshindwa upesi na mchwa wala mvua.

Kwa taathira ya Uislamu, sura za watu na wanyama ni nadra. Hata nakshi iitwayo ketam guri, ingawa ketam kwa Kimalay ni kaa, ni ua tu.