Bakteria Wanaojua Kaskazini

Mwaka 1963, huko Pavia, Italia, daktari Salvatore Bellini alichungulia tone la maji kwenye hadubini. Bakteria waliogelea kuelekea upande mmoja: kaskazini. Akasogeza sumaku, nao wakageuka. Aliandika alichokiona kwa Kiitaliano, lakini maandishi yake hayakufika mbali.

Miaka 12 baadaye, Mmarekani Richard Blakemore aliona jambo lilelile katika matope ya Massachusetts, akalitangaza kwa Kiingereza katika jarida la Science. Dunia ikasikia.

Ndani ya bakteria hawa mna mnyororo wa vipande vya sumaku, kila kimoja kikiwa na upana wa makumi machache tu ya nanomita. Umbo na ukubwa wake huongozwa na jeni. Mwaka 2014, watafiti wa Ujerumani walipandikiza takribani jeni 30 katika bakteria asiye na sumaku, naye akaanza kuitengeneza. Leo vipande hivyo vinachunguzwa ili vibebe dawa hadi kwenye uvimbe wa saratani.

Tafsiri ya Kiingereza ya Bellini ilichapishwa mwaka 2009. Kwa miaka 46 bakteria hawakubadilika. Kilichobadilika ni lugha.