Moshi wa Sigara, Kompyuta na Mapafu ya Fundi

Mwezi Novemba 2009 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti malalamiko ya wateja wawili wa kampuni ya Apple, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wawili walikuwa wamepeleka kompyuta mbovu kutengenezwa wakati waranti ingali hai, na wote walirudishiwa bila kutengenezewa, kwa maelezo kwamba ndani yake mlikuwa na masalia ya moshi wa sigara. Mmoja alipofikisha malalamiko yake hadi ofisi ya mkuu wa kampuni, alijibiwa kwamba nikotini imo katika orodha ya vitu vya hatari ya OSHA, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, na kwamba mfanyakazi hawezi kulazimishwa kushika kitu cha kumdhuru. Mabishano yaliyozuka yaling'ang'ania swali moja: kweli moshi wa sigara huharibu kompyuta? Swali hilo lina jibu, nami nitalitoa. Lakini ukiifuata historia ya sigara na kompyuta tangu mwanzo, utaona kwamba moshi ni uleule siku zote, ila anayelindwa dhidi yake amebadilika: kwanza ilikuwa mashine, kisha mnunuzi, na mwisho kabisa fundi. Hoja yangu ni kwamba fundi alistahili kulindwa, na kwamba gharama ya kumlinda ni ya kampuni, si ya mnunuzi.

Tuanze na mashine. Mwaka 1956 IBM ilitoa RAMAC, kompyuta iliyohifadhi kumbukumbu zake kwenye diski 50 zenye upana wa inchi 24, zikibeba jumla ya herufi milioni 5. Kichwa cha kusomea kilielea juu ya diski kwa mto wa hewa, kikiacha mwanya wa takriban mikromita 20. Chembe ya moshi wa sigara kwa kawaida haifiki mikromita 1, kwa hiyo ilipita hapo kama sisimizi apitavyo chini ya mlango. Lakini kila kizazi kipya cha diski kilipunguza mwanya huo ili data nyingi zaidi zienee mahali padogo. Mwaka 1962 ikaja IBM 1311, ambayo diski zake 6 zilifungwa pamoja katika kifurushi cha kilo 4 na nusu hivi. Mwendeshaji alikichomoa kwa mkono na kupachika kingine, na kila alipofanya hivyo hewa ya chumbani ilijiingilia na vyote vilivyokuwamo. Miaka ya 1970 ilipoanza, mwanya ulikuwa umebaki zaidi kidogo ya mikromita 1, na hapo mambo yakageuka. Uchafu ulionaswa kati ya kichwa na diski inayozunguka kwa kasi ulitosha kukiyumbisha kichwa, kikajibamiza na kukwangua utando wa sumaku. Hasara hiyo ilionekana kwa macho: mviringo mwembamba unaong'aa chuma kitupu, katikati ya rangi ya kahawia iliyokuwa imebeba kazi ya watu ya miezi.

Ndiyo maana vyumba vingi vya kompyuta vilipiga marufuku sigara wakati ambapo ofisi za jirani zilikuwa zimejaa moshi. Tusilipite jambo hili haraka. Mwaka 1964 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alichapisha ripoti iliyohusisha uvutaji na saratani ya mapafu, na mwaka uliofuata watu wazima 42 katika kila 100 nchini humo walikuwa bado wavutaji. Karani aliyekaa kutwa nzima kati ya meza za wavutaji hakuwa na sheria ya kumtetea, ilhali ukuta wa pili diski zilikuwa zikipulizwa hewa baridi iliyochujwa. Mashine ilipata hewa safi kazini miaka mingi kabla ya binadamu, kwa kuwa hasara yake iliandikwa kwenye hesabu za kampuni, na hasara ya mapafu ilikwenda nyumbani na mwenye mapafu.

Mwaka 1973 IBM ilitoa diski ya 3340, maarufu kwa jina la Winchester, ambayo vichwa na diski vilifungiwa pamoja ndani ya kasha moja lisiloingiza uchafu. Diski kuu zilizofuata zilirithi mtindo huo, na hewa kidogo inayoingia hupitia kichujio. Kwa hiyo kompyuta ilipohamia majumbani katika miaka ya 1980, moshi haukuwa tena na njia rahisi ya kufikia kumbukumbu. Ulibaki na njia ya pili, ya polepole. Moshi wa sigara ni matone madogo mno ya lami yanayonata. Feni huyavuta pamoja na vumbi, na vumbi ambalo lingepeperuka kwa pumzi moja likishalowa lami hugandamana. Fungua kompyuta iliyokaa miaka mitano kando ya mvutaji: mapezi ya chuma ya kupozea kichakataji yameziba kwa utando wa kahawia mzito kama sufi iliyochovywa mafuta, mabawa ya feni yananata kidoleni, na jicho la kusomea CD limefunikwa ukungu wa manjano. Hewa haipiti, joto linapanda, na joto ndilo linalofupisha maisha ya vifaa. Haba na haba hujaza kibaba. Basi jibu ni ndiyo, moshi huharibu kompyuta, ila huiharibu kwa miaka, na mara nyingi kwa kushirikiana na vumbi ambalo lingekuwepo hata pasipo sigara.

Kwa sababu hiyo mnunuzi ana hoja nzito. Tangu mwaka 1975 Marekani ina sheria ya waranti, ijulikanayo kwa majina ya Magnuson na Moss, inayotaka masharti ya waranti yaandikwe waziwazi kwa lugha nyepesi. Atatokea wa kusema kwamba mvutaji amejitakia mwenyewe, sawa na aliyemwagia chai kibodi. Lakini chai iliyomwagika huua kifaa kwa tukio moja linaloonekana, na anayedai kwamba moshi ndio chanzo anapaswa kuonyesha vipi utando kwenye feni ulivunja bawaba ya kioo au kuunguza chaja. Kumnyima mtu haki aliyoilipia kwa sharti ambalo hakulisoma popote ni kubadilisha mapatano baada ya fedha kupokelewa. Tena, nyakati zile ambapo karibu nusu ya wateja walikuwa wavutaji, ni kampuni gani ingethubutu kuwafukuza? Kufikia mwaka 2009 wavutaji walikuwa wamebaki takriban mtu mzima 1 katika kila 5. Kuwakataa kulikuwa kumepungua gharama.

Hata hivyo, fundi naye ana mwili wake. Ireland ilipiga marufuku uvutaji kazini mwaka 2004, mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku ukaanza kutumika mwaka 2005, na wazo kwamba mfanyakazi hawajibiki kuvuta moshi wa mwingine likakubalika. Wapinzani walisema kiwango cha OSHA, miligramu 0.5 za nikotini katika mita moja ya ujazo ya hewa, ni cha hewa avutayo mtu siku nzima kazini, si cha mabaki yaliyoganda kwenye feni. Hapo wako sahihi. Lakini mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley walionyesha kwamba nikotini iliyoganda juu ya vitu huweza kuungana na asidi ya nitrasi ya hewani na kuzaa kemikali zisababishazo saratani. Utafiti huo haumpimi fundi mmoja mmoja, ila unatosha kumpa haki ya glavu, barakoa na mashine ya kunyonya vumbi. Hatari inayozuilika kwa vifaa vya bei nafuu haiwi sababu ya kuvunja ahadi. Inakuwa sababu ya kununua vifaa.

Suala hili linatufika hapa kwetu kwa mlango wa nyuma. Kompyuta nyingi zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi zimekwisha kutumika Ulaya au Marekani, na zimekuja na moshi wa vyumba tusivyovijua. Tanzania ina sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2003 na Kenya ya mwaka 2007, lakini sheria hizo zinaitazama sigara inayowaka. Kijana anayeinamia kompyuta mpakato dukani, akasugua mapezi kwa brashi ya rangi na kupuliza kwa kinywa, anavuta sigara iliyozimwa miaka mingi iliyopita, na vumbi lile la kahawia linamrudia usoni. Diski zilijengewa kasha lao safi tangu enzi za Winchester. Yeye anadaiwa barakoa.